Moja Mpaka Tano

Mimi nilikubali siku ileile. Daktari wa Kitale aliponiambia kwamba uvimbe kwenye titi langu ni saratani, nilirudi nyumbani Kiminini nikalia mpaka macho yakavimba, halafu nikapanda maharagwe shamba zima badala ya mahindi, maana maharagwe hukomaa upesi. Mahindi yetu huku hukaa shambani miezi mingi, na sikujua nani angeyavuna. Mtu anayekataa ugonjwa hapandi hivyo.

Nikatumwa Bungoma kwa matibabu. Dawa haikuwepo. Njoo mwezi ujao, mama. Nikaja, haikuwepo. Aliyekuwepo kila mara bila kukosa ni binti wa chuo kikuu na tableti yake ya kuandikia, anatupima sisi wagonjwa pale kwenye benchi, tumeukubali ugonjwa kiasi gani.

"Mama, kutoka moja mpaka tano, umekubali?"

Mara ya kwanza nilimwambia tano. Mtoto wa watu, ana adabu zake. Mara iliyofuata alinikuta nimetoka dirisha la dawa mikono mitupu, nikamfokea. Akaandika. Basi nikaitwa kwa mshauri, mwanamume mpole wa kuudhi.

"Mama, hasira ni hatua tu. Bado hujakubali, lakini utafika."

"Na dawa itafika lini?"

"Ah, hiyo si mimi bana. Hiyo ni watu wa famasi."

Nilitamani kumrushia kiti. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Niliwakasirikia wao, kwa sababu wananichelewesha, nao wakaichukua hasira hiyo wakaifanya sehemu ya ugonjwa wangu.

Maharagwe nikayavuna, nikayaanika, nikayapura. Nikarudi Bungoma. Dawa bado. Binti akaja na tableti yake, akafungua mdomo, na kabla hajasema moja nikaushika mkono wake nikauweka juu ya titi langu, mbele ya watu wote.

"Si unapenda kupima? Pima hapa. Tulipoonana mara ya kwanza uvimbe ulikuwa kama punje ya mahindi. Sasa niambie wewe."

Hakuuondoa mkono.

"Pole, mama. Sasa niandike nini?"

"Andika dawa hakuna."

Akaiinamia tableti, akatafuta juu, akatafuta chini, akatafuta tena. Nilimwona anatafuta kwa moyo wote.

"Mama," akasema, "hapa hawajaweka mahali pa dawa."