Simtanki la Bibi na Ukungu Wangu

Leo nimemdanganya bibi wa watu, akanikamata kwa makopa.

Juzi nilimpiga picha nyumbani kwake Newala, mbele ya simtanki jipya la maji alilonunuliwa na mwanawe aliye mbali. Picha ni ya kumtumia huyo mwana.

Mimi nikaona simtanki linachafua picha.
Nikafungua tundu la lenzi mpaka mwisho. Uso ukatoka safi, hadi makunyanzi. Nyuma yake kila kitu kikafifia.

Leo nimetoka Masasi na mtoto mgongoni, usingizi umenijaa, nampelekea. Akaisogeza picha machoni.

"Mama Shadia, simtanki langu liko wapi?"

"Siku ile kulikuwa na ukungu, bibi."

(Newala ukungu haukosekani. Nikajua nimepona.)

Akanirudishia picha.
"Siku ile nilianika makopa ya muhogo, mjukuu wangu. Jua lilimliza hadi huyo mwanao wa mgongoni."

Jamani, nilikosa pa kuweka uso.
Bibi huyu amebeba ndoo kichwani tangu usichana wake. Mimi nimefuta kitu kilichompumzisha shingo.

Nikamwambia ukweli: ukungu ule niliuleta mimi. Nikabana tundu la lenzi, nikamsimamisha karibu na simtanki, nikapiga upya. Sasa linaonekana lote, hadi koki.

Nilishindwa kumtazama. Yeye anacheka:
"Ukungu umeondoka?"
"Umeondoka, bibi. Nisamehe."

Wapiga picha wenzangu, kabla hamjafifisha kilicho nyuma ya mtu, huwa mnamuuliza? Au ni mimi tu?