Mama Tryphosa Hakunji Paipu

Ukitaka kumwona Mama Tryphosa akiwaka, mwambie akunje paipu ya breki. Nilikuwa kwa gereji yake pale Langas, Eldoret, siku bosi wangu Bashir alipomwambia, na nikikumbuka nacheka, kisha naona aibu.

Mimi ni Kipkirui, dereva wa Bashir. Lori lake ni la tani saba, zee kunishinda. Siku hiyo gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa linavuja oili ya breki. Tryphosa akalitoa, akafungua dramu, akachungulia, akasema raba za ndani zimekatika na laini, zile pedi za kushika dramu, zimelowa oili. Zote zibadilishwe. Lori litoke kesho jioni.

"Kesho?" Bashir akaruka. "Mama, mahindi ya kuteremsha Tambach yamelala nje Moiben na mvua ndiyo hiyo! Kunja paipu ya hilo gurudumu, igonge nyundo, oili isipite. Hayo mengine matatu yatashika. Si kila fundi hapa anafanya hivyo?"

Ni kweli, wanafanya. Na mimi nimeendesha hivyo miaka mingi, nikijiita mwanaume.

"Basi mimi si kila fundi," Tryphosa akasema.

Huyu mama alianza kwa kuwauzia mafundi chai na mandazi hapo hapo. Alipoomba wamfundishe kazi, walicheka mpaka wakamwaga chai. Leo breki ikiwashinda wanamletea yeye, na wanaingia wakiwa wapole.

"Nilikunja moja, mwaka wangu wa kwanza," akaendelea. "Dereva alirudi kunisalimia akitembea na magongo. Hakunilaumu, Bashir! Alinishukuru ati sikumchelewesha. Tangu hiyo siku sikunji, hata uniletee chifu na askari wake."

"Fundi ni wewe peke yako Eldoret? Nitaenda kwa Eliakim!"

"Nenda! Lakini gurudumu sirudishi kwa kazi nusu." Akaliangusha chini, akalikalia, miguu akainyoosha. Mama wa watu, ovaroli nyeusi kwa oili, hana wasiwasi hata kidogo.

Bashir akanigeukia. "Kipkirui, kunja paipu wewe mwenyewe, chukua hilo gurudumu urudishe. Ukikataa, madereva ni wengi."

Na mimi, aki ya Mungu, niliinama kulichukua. Nilifikiria watoto wangu na kazi. Nikaogopa kufutwa kuliko kufa, ujinga gani huo?

Tryphosa hakunizuia. Alisimama, akanipisha, akamtazama Bashir. "Mimi nikitengeneza breki, napanda lori na dereva, tunateremka Tambach pamoja mpaka chini. Hiyo ndiyo sheria yangu. Leo wewe ndiye fundi. Utapanda?"

Wacha! Ule mteremko wa Tambach, na gunia sabini zikikusukuma mgongoni!

Bashir akakohoa. "Mimi nitatangulia na gari ndogo."

Nilisikia hasira ikinipanda, hasira ya miaka yote hiyo, na nusu yake nilijikasirikia mwenyewe. Nikaacha gurudumu. Nikatoa funguo za lori mfukoni, nikamnyooshea Bashir.

"Bosi, leo nipe mimi gari ndogo nitangulie. Wewe utaleta lori."

Bashir akaziangalia zile funguo. Hakuzichukua. Kisha akamuuliza Tryphosa, kwa sauti ya chini, raba zinauzwa duka gani.