Kinyaa cha Mama Orpha

Huko mtaani Mangobo watu wanamjua Mama Orpha kwa usafi wake. Anauza wali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, karibu na soko, na mteja ambaye hajanawa mikono hapewi sahani, hata akiwa mchungaji. Jumapili hufika kanisani kabla ya wote ili apanguse benchi atakaloketi. Harufu mbaya humgeuza tumbo tangu utotoni. Wadogo zake walimtania kwamba angezaliwa samaki, angeuhama mto kwa sababu ya shombo.

Mwaka huu kipindupindu kilimchukua mdogo wake Julie kwa siku moja na nusu. Watu wa afya walikuja na mabuti na glavu, wakanyunyiza dawa chumba kizima, wakamtia Julie ndani ya mfuko na kwenda kumzika wao wenyewe. Wanawake wa ukoo hawakumwosha. Matanga hayakukaliwa. Binti wa Julie wa miaka saba, Benie, akahamia kwa Orpha, maana baba yake alishateremka mto zamani kwenda Basoko na hakurudi.

Hazikupita wiki mbili, mtoto akaanza mchezo wake. Nyuma ya jiko alikoroga udongo na maji, akamlaza mwanasesere wa matambara, akammiminia matope mdomoni na mapajani. Kisha akatoa sauti ya kutapika, sauti kamili, pamoja na ile pumzi ya kukata tamaa katikati. Orpha alidondosha mwiko, akaenda kutapika kweli. Alimkanya mtoto, akamchapa, akamwogesha kwa sabuni, akamshika kichwa na kumwombea. Kesho yake Benie akakoroga udongo mwingine.

Majirani wakasema mtoto anauita ugonjwa urudi, na Orpha akasema vivyo hivyo. Papa Cyprien, kaka mkubwa wa Orpha na msemaji wa ukoo, alikwenda mbali zaidi. Alisema Benie ana ndoki, uchawi wa kula watu, na ndiye aliyemla mama yake. Kuna chumba cha maombi alichokijua ambako watoto wa namna hiyo hufungiwa bila chakula mpaka waungame. Yeye, kama mjomba, angempeleka Jumamosi. Kilichobaki ni Orpha kukubali tu, kwa kuwa mtoto alikuwa mikononi mwake.

Orpha hakukataa. Kusema kweli, aliona nafuu kwamba yale matope yangetoka uani kwake. Ni mama mmoja wa kanisani aliyemsihi ampitishe kwanza kwa Émilie, msichana aliyesomea kazi ya kusaidia watoto kwa njia ya michezo. Jumatano wakapanda toleka, baiskeli ya kubeba abiria, mtoto mbele, yeye nyuma, wakaenda.

Chumba cha Émilie kilikuwa nyuma ya ukumbi wa parokia: mkeka, wanasesere, beseni la mchanga, jagi la maji, na msalaba juu ya mlango. Orpha aliona alama za vidole vya watoto ukutani, akakunja kikwembe chake, kitenge cha kiunoni, kabla ya kuketi. Émilie alimwomba jambo moja tu: asimkanye mtoto, asimfundishe, afanye atakaloambiwa na mtoto. Jambo lililompata Benie lilikuwa kubwa kuliko maneno aliyo nayo, alisema, basi analieleza kwa mikono. Orpha aliitikia kwa heshima, na moyoni alichukia. Kuchezea uchafu wa marehemu, tena chini ya msalaba!

Benie akalowesha mchanga, akamlaza mwanasesere, akaanza. Halafu akachukua mwanasesere wa pili, akamfunga kitambaa puani, akamsimamisha mbali, pembezoni mwa mkeka.

“Huyu amesimama mbali,” Émilie alisema taratibu. “Amefunika pua.”

“Ni mama mukubwa,” Benie akajibu bila kuinua macho. “Mama iko anamuita. Anakataa kuingia.”

Akachukua kijiti, akasukuma kifuniko cha chupa kwenye mchanga mpaka kwa mgonjwa.

Orpha akakitambua kijiti kile. Julie alipoomba maji, yeye alisimama mlangoni na kusukuma kikombe sakafuni kwa mpini wa ufagio. Alidhani hakuna aliyejua. Aliyekiokota, akainua kichwa cha mama yake na kumshikia ndoo, ni mtoto huyu huyu ambaye Orpha alimchapa. Miaka yote Orpha aliwaona watu wengine wachafu. Siku hiyo kinyaa kilimgeukia, na hapakuwa na sabuni ya kukiosha.

“Mama mukubwa, kuja. Shika ndoo.”

Akasogea kwa magoti, akalishika beseni. Tope lilimfika kwenye viganja, machozi yakamtoka. Benie alimtapisha mwanasesere kwa muda mrefu, hakuwa na haraka. Kisha akasema sasa aoshwe. Orpha alimwaga maji kutoka kwenye jagi, akaanza kichwani, kama wanawake wanavyomwosha maiti.

Jumamosi Cyprien alifika na mtu wa chumba cha maombi, mwenye chupa ya mafuta na kifuko cha pilipili ya kutia machoni. Cyprien aliuliza kama mtoto ameshavaa.

“Haendi, yaya,” Orpha alimwambia kaka yake.

“Wewe mwenyewe ulisema anaita ugonjwa.”

“Nilisema uongo. Alimushikia mama yake ndoo, mimi nilisimama mulangoni. Kama iko mutu wa kufungiwa na njaa, ni mimi.”

Yule mtu wa maombi akacheka. “Tayari ndoki imekuingia, mama.”

Orpha aliutazama mkono wa mtu huyo ulioshika pilipili, pilipili ya macho ya watoto kwa jina la Yesu, akaona hajawahi kukutana na uchafu kama ule. Akamwambia aondoke uani kwake. Cyprien akaapa kwamba siku Orpha atakapougua, mtu wa ukoo hatakanyaga hapo. Akaondoka bila kuaga.

Benie bado anakwenda kwa Émilie, na Orpha huenda naye. Jumatano iliyopita alitoka mara mbili kutapika nyuma ya ukumbi. Mara zote mbili alirudi, akaketi mkekani.