Sina Tatizo

Nilianza Kijapani chuoni Louisville, Marekani, mwaka 2015 kwa majivuno matupu. Ghala ninapofanya kazi, mtaa wa Okolona, hupokea wageni kutoka Japani, na niliapa kwamba siku moja nitawasalimia mpaka meneja wangu abaki mdomo wazi.

Mwalimu wetu, Bi Hayasaka, alimpa kila mwanafunzi daftari. Kila wiki ujipangie mwenyewe cha kusoma, kisha uandike umefika wapi na umekwama wapi. Mimi niliandika: "Nimesoma saa mbili kila siku. Nimeelewa. Sina tatizo." Wiki ya pili nikaandika hivyohivyo. Wiki ya tisa pia, neno kwa neno, nikijiona mjanja kuliko darasa zima.

Msinicheke. Mimi Mrundi niliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania. Kabla ya usaili wa kuja Marekani, mama yangu, Angelika, alitukaririsha majibu kama sala: ukibadilisha neno, faili linarudi nyuma. Hata tarehe zetu za kuzaliwa, alizotubunia ofisa, familia nzima Januari mosi, tulizikariri. Jirani yetu Gaudiosi alibabaika kwenye idadi ya mbuzi aliowaacha Burundi, akakaa kambini miaka minne zaidi. Tangu hapo nikiona fomu mkono unaandika wenyewe.

Wiki ya kumi mwalimu aliniita.

"Jovini, asiye na tatizo sina cha kumfundisha. Daftari likibaki hivi, sitakupitisha mwaka wa pili."

Niliogopa kwelikweli. Nikampigia mama, anayeishi Buffalo.

"Mama, mwalimu anataka nibadilishe maelezo."

"Anakutega?"

"Hapana. Anataka kujua ninaposhindwa."

"Makubwa! Basi mwambie, mwanangu."

Ukweli ulijaza kurasa tatu. Kwamba saa mbili zile nilikuwa nasinzia kwenye basi, kitabu usoni. Kwamba nusu ya herufi sizijui. Kwamba siulizi, nisionekane mjinga mbele ya watoto wa miaka kumi na minane. Na kwamba Kijapani nakipenda, jambo lililonishangaza mwenyewe.

Bi Hayasaka alisoma, akacheka hadi akavua miwani. Akaniuliza nitaanzia wapi. Nikachagua herufi tano kwa siku. Mwaka wa pili nikaingia.

Mama alipopata habari alipiga vigelegele kwenye simu, kisha akashusha sauti, kana kwamba ofisa yuko mlangoni.

"Waandikie yote, Jovini. Ila tarehe ya kuzaliwa usiiguse."