Chumvi Niliyokunywa Siku ya Kupeleka Miraa Ukweni

Aibu yangu inajulikana Mikinduri nzima, kwa hivyo wacha niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa shemeji zangu, maana wale hutia chumvi (na chumvi ndiyo iliyoniponza).

Miaka hiyo nilikuwa mwalimu wa historia Siakago, kijana wa Embu mwenye suti moja, na nilikuwa nimempenda Kendi, binti wa Mikinduri aliyefundisha baiolojia shule hiyo hiyo. Ofisini kwa walimu kulizunguka karatasi moja, imetolewa fotokopi hadi maandishi yakafifia, ikieleza namna ya kusafisha ini: mafuta ya zeituni, maji ya ndimu, na chumvi chungu ya kuendesha tumbo. Mimi nikaiamini kama Injili. Kendi akapinga mbele ya walimu wote, chai ikapoa.

"Ini linajisafisha lenyewe," akasema. "Na matumboni kuna bakteria wazuri wanaotusaidia. Ukijiharisha hivyo, si utawafagia na wao?"

"Bakteria ni uchafu, Mwalimu. Wakifagiwa, heri!"

"Una uhakika?"

"Wewe je?"

"Mimi sina. Ndiyo maana sinywi."

Jamani, si ningenyamaza hapo! Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Nikaapa kwamba Jumamosi, siku ya kwenda kumposa, nitafika kwao nimetakata ndani na nje. Ijumaa jioni nikanywa mafuta na ndimu na ile chumvi kidogo, tumbo kimya. Asubuhi bado kimya, nikaona nimepunjwa, nikaongeza kikombe kizima cha maji ya chumvi, nikavaa suti.

Tulikwenda na baba mdogo na wazee wawili, tumebeba kifungu cha miraa kilichofungwa majani ya mgomba, maana kwao Umeruni huombi binti mikono mitupu. Njiani baba mdogo alinionya: "Nyaga, mzee akishaanza kufungua hiyo kamba, usiinuke. Ukiinuka ni kama umemkataa binti yake."

Basi babake Kendi akashika kamba, na tumbo langu likanguruma wazee wote wakageuka. Nikajibana, jasho likanitoka, nikakodolea kalenda ukutani, nikamwomba Mungu wa Embu na wa Meru (ni yule yule, lakini siku hiyo sikutaka kubahatisha). Wapi! Nikainuka nikatimua mbio.

Uani shangazi zake Kendi walikuwa wakimenya ndizi. "Anatoroka! Anamkataa mtoto wetu!" Wakanifuata na visu vyao mpaka chooni, wakauzingira mlango.

"Toka useme Kendi ana kosa gani!"

"Hana kosa!" nikalia humo ndani. "Ni ini!"

Kendi akaja akawaeleza yote, karatasi, mafuta, chumvi, na shangazi wakaketi chini kwa kucheka. Lakini niliporudi, mzee alikuwa bado ameshika kamba, hafungui, na baba mdogo anatazama viatu vyake. Nikasimama mlangoni kichwa chini, nikajua Kendi ameniponyoka. Niliumia, wacha niseme ukweli.

Hapo mamake Kendi akaniwekea bakuli la uji uliochacha juu ya kigoda, akarudi nyuma (mama mkwe na mkwe hawakaribiani, ni heshima), akaongea huku anaangalia migomba.

"Mwanangu, kibuyu cha uji huu nilipewa na mama yangu. Huwa nakisuuza na maji tu. Nikikisugua kabisa, uji hauchachi. Kunywa polepole."

Nikanywa. Mzee akaanza kucheka, kidogo kidogo, mpaka akafuta machozi.

"Huyu hakumkimbia binti yangu," akasema. "Amekimbizwa." Akafungua kamba.

Kama uji ule uliwarudisha bakteria wangu, sijui, na Kendi naye anasema hajui, tunabishana mpaka leo. Chumvi ile sitainywa tena. Mama alishatuacha, na kibuyu chake kiko jikoni kwetu Manyatta, huku Embu. Kila nikikisuuza namkumbuka amesimama kando ya migomba yake, hanitazami, ananihurumia. Juzi mkamwana wetu alikuwa anataka kukisugua kwa sabuni na mchanga. Mimi nilikuwa nje kwa ng'ombe, nikamwona, nikamkimbilia na magoti haya yangu ya uzee. Sijawahi kukimbia hivyo tangu siku ile ukweni.