Aliyechomoa Waya

Fundi wa kompyuta wa ofisi ya maji wanamwita Mama Kufuli, na jina hilo amelitolea jasho. Shule aliiacha mapema; ufundi aliupata kwa kuwaganda waliojua, akiwauliza mpaka wakamchoka.

Siku hiyo alikuwa akikaza mlango wa seva, kompyuta kuu ya ofisi, mlango ambao watu huuingilia wakiwa mbali. Wezi walikuwa hawaishi kubahatisha maneno ya siri, akaamua kuyapiga marufuku: kila mtu aingie kwa ufunguo wa kidijitali uliohifadhiwa kwenye kompyuta yake. Kazi hiyo ina mwiko. Ukibadilisha mipangilio, usifunge dirisha la kwenye skrini uliloingilia mpaka ujaribu kuingia upya kwa dirisha la pili. Ukikosea, unarudi kurekebisha kwa lile la kwanza.

Na kweli alikosea mahali. Dirisha la pili likamkatalia. Hakushtuka, la kwanza lilikuwa wazi. Akatoka kidogo kunywa maji.

Kompyuta yake betri ilikufa zamani, inaishi kwa waya. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, mhasibu wa ofisi hiyohiyo, akauchomoa ili achaji simu. Kompyuta ikazima, na njia ya kurudi ikapotea. Ofisi nzima ikabaki nje ya seva.

"Nani kafanya hivi?" bosi akafoka.

"Si nilisema?" shemeji akadakia, simu yake ingali inachaji ukutani, palepale waya ulipokuwa. "Mtu hana hata cheti, mnamkabidhi nyumba!"

Mama Kufuli akaenda hadi jengo la upande wa pili wa mji inakokaa seva, akaichomekea skrini na kibodi, akarekebisha. Aliporudi, kila mtu alikuwa ameingia kwenye seva.

"Haya, waombe radhi wenzako, yaishe," bosi akasema.

"Radhi ya nini, bosi? Nilikosea, na njia ya kurudi nilijiachia. Muulizeni huyu aliyeikata."

Shemeji akajichekesha. "Shemeji, ya nyumbani tusiyalete kazini."

"Nyumbani unakula kwangu, huku unanitafuna mimi! Sema nani kachomoa waya, au mlango wenu mtaulinda wenyewe."

Bosi akamkazia macho mhasibu.

"Niliuchomoa mimi," shemeji akanong'ona. "Sikujua."

"Hukujua kuuliza. Kunichongea ulijua."

Mama Kufuli akavuta kiti, akaendelea kukaza mlango. Wenzake aliotakiwa kuwaomba radhi wote walikuwepo, na hakuna hata mmoja aliyemwomba yeye.