Ukuta Uliofunga Kisima cha Mama

Mabomu yalipoanza kuanguka Kisangani, majeshi mawili ya kigeni yakigombania mji usio wao, tulikimbilia Banalia. Tuliporudi tulikuta jirani yetu amejenga ukuta wa matofali katikati ya kiwanja cha mama. Kisima ambacho mama alirithi kwa babu kilibaki upande wa pili.

Mama alimshtaki. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu, sina kazi, naulizauliza kila kitu. Jaji aliyewekwa na waasi walioshika mji anahukumu kwa jina la nani? Serikali ikirudi, hukumu yake itadumu?

"Bon, binti," baba alisema, "ahukumu kwa jina la nani, maji iko maji."

Kesi ilikwenda vizuri mpaka jaji alipoagiza mama afike mwenyewe, aonyeshe mpaka wa zamani ulipopita. Kabla ya siku hiyo baba alishikwa na homa. Kwa vita, meli za dawa hazikuwa zikipanda mto tena. Tulimzika, na mama akaingia eda. Alivaa nyeupe, akajifungia ndani, asivuke mlango hadi miezi ya mjane iishe.

Nilimfuata shehe. Alisema kwa dharura mjane anaweza kutoka mchana, arudi kulala kwake. Nikakimbia nyumbani na habari hiyo.

"Shehe haishi mu avenue yetu," mama alisema. "Batu watasema nini? Papa yako udongo haijakauka, na mimi niko ku tribunal, nabishana juu ya maji?"

"Na wakichukua kisima?"

"Wachukue. Mi hapana toka."

Nilikwenda badala yake. Jirani alikuwa amekaa mbele, kofia yake safi. Mtu huyohuyo alisoma Yasini kwenye maziko ya baba. Mkewe alituletea sufuria ya pondu, mboga ya majani ya muhogo, siku zote za matanga.

"Mdai iko wapi?" jaji aliuliza.

"Iko mu eda, Monsieur le Président. Mimi ni binti yake. Naomba kesi ingoje."

"Mji umejaa wajane. Nikingoja kila mmoja, si nifunge mahakama?" Akamgeukia jirani. "Na wewe?"

"Anadharau mahakama, Monsieur le Président," jirani alisema kwa upole. "Angekuwa na haki, angekuja."

Nilimtazama. Alijua mama yuko wapi. Alikuwa akipita mbele ya dirisha lake kila asubuhi na kumpa salamu ya pole.

Jaji alisoma kwamba mdai hakufika, kwa hiyo madai yake yametupwa. Mpaka wenyewe hakuugusa. Muda wa kukata rufani ulianza siku hiyo, ukaisha mama akiwa bado ndani. Kila nilipomkumbusha aligeukia ukutani.

Eda ilipomalizika alioga, akafunga kitenge, akachukua ndoo. Sikuamini aliposimama kwenye lango la jirani.

"Hodi."

"Karibu, mama. Karibu sana. Chota tu, sisi ni familia moja."

Alichota akiwa ameinama juu ya kisima ambacho baba yake alikichimba. Kinywa changu kilikuwa kimejaa maswali, na jirani alikuwa amesimama palepale, akitabasamu. Mama aliona.

"Shika ndoo," aliniambia. "Usiulize kitu."